Baada ya Nzuri

Kadiri, mashine yetu ya kugawa dawa, ilikuwa na adabu kuliko watoto wengi niliowahi kukutana nao. Kila asubuhi spika ndogo iliyobandikwa pembeni mwa kitanda ilikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi, ikasema: "Shikamoo, mzee. Habari za kuamka?"

Na Mzee Kiondo Mrutu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemfutia karibu kila neno alilokuwa nalo, alijibu bila kukwama hata kidogo: "Marahaba. Nzuri."

Basi. Pampu iliyolala chini ya ngozi ya tumbo lake ikachanganya dawa za siku: ya presha, ya sukari, ya kuzuia damu isigande, na ile ya kwetu wenyewe, Chipuzi. Jibu likitoka safi, Kadiri iliongeza Chipuzi kidogo. Jibu likitoka bovu, au mgonjwa akitaja maumivu, ilipunguza au ilifunga kabisa. Hakuna aliyegusa chochote. Nesi alikuja baadaye na chai tu.

Vijana hawajui tulikotoka. Marehemu bibi yangu kule Machame alifunga vidonge vyake kwenye pindo la khanga, vya rangi zote, na nadhani alivimeza kwa kufuata rangi iliyompendeza siku hiyo. Wazee walikuwa wanakufa hivyo, si kwa ugonjwa bali kwa dawa zenyewe zikigombana tumboni. Ndiyo ikaja Sheria ya Vidonge, na siku hizi mtu aliyevuka sitini akionekana anameza kidonge sokoni, watu wanamkodolea macho utadhani amewasha bangi. Kadiri ndiyo inayomeza kwa niaba ya wote. Sisi wa Kituo cha Kindoroko tuliipenda kwa sababu haisahau, haichoki, na haimpi mzee dawa mara mbili kwa sababu mkwe amekuja na maneno mengi.

Mimi ni Aikaruwa Swai. Kazi yangu ni kuwarudishia watu maneno yao. Kituo chetu kiko juu milimani Upareni, kwenye baridi na ukungu, na mle ndani Mchaga ni mimi peke yangu, kwa hiyo nilikuwa mtani wa kila mtu kuanzia mlinzi wa getini. Nasema sana. Nimeambiwa hivyo tangu darasa la kwanza na sijaona sababu ya kuacha.

Mzee Mrutu alikuwa kipenzi changu, nalisema wazi. Maisha yake yote alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, yule anayekaa kando ya hakimu, anasikiliza pande zote mpaka mwisho, kisha anatoa maoni yake. Kusikiliza ndiko kulikomjengea jina. Alipoletwa kwetu hakuwa na neno lake mwenyewe hata moja. Baada ya wiki kadhaa za Chipuzi nilimwonyesha picha za vyakula, akaitazama moja kwa muda mrefu, jasho likamtoka, akasema, "Makande." Nilimwambia sikutegemea kitu kingine kutoka kichwa cha Mpare. Akacheka mabega yakatikisika, na ule upande wa mdomo uliolegea nao ukajaribu kucheka.

Baada ya makande yakaja maji, sufuria, kijiko kwa taabu. Na siku moja, binti yake Nakiete akiwa amempa mgongo anasuuza kikombe, mzee akamwita kwa jina. Mwalimu Nakiete, ambaye alikuwa ameomba likizo bila malipo ili amuuguze baba yake, alikiachia kikombe kikavunjika. Nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya vigae, analia na kucheka, akaniomba nimwambie baba aseme tena.

Hivyo ndivyo Chipuzi inavyofanya kazi. Mishipa ya fahamu iliyokufa haifufuki, lakini ile ya kando yake huchipua, kama kisiki cha mgomba kinavyotoa machipukizi pembeni. Ubaya wake ni wa namna mbili. Machipukizi yakiwa bado machanga ukakata dawa, yananyauka. Na dawa hiyohiyo inalainisha vijishipa vya damu kichwani, hivi kwamba ikizidi, na mgonjwa ana ile nyingine ya kuzuia damu isigande, damu huanza kuvuja. Mvujo huo una dalili moja tu mapema: kisogo kinauma. Hakuna kipimo cha damu kinachouona, na skani ya kichwa huwezi kumpiga mzee kila siku. Mwenye kujua ni mwenye kisogo. Ndiyo maana Kadiri ilifundishwa kuuliza.

*

Bibi Naelijwa wa chumba cha jirani alianguka akiwa anasukwa nywele. Hakuamka tena. Damu ilikuwa imejaa kichwani, na kutokana na ukubwa wake ilikuwa imevuja kwa siku nyingi. Asubuhi ile Kadiri ilimwamkia kama kawaida, ikamuuliza habari, naye akajibu nzuri. Nilisikia jibu hilo kwa masikio yangu, nikiwa napita koridoni.

Profesa Mwaiseje, mkuu wa utafiti wetu, alisema hatari hiyo tuliijua tangu mwanzo, na kwamba bibi alikuwa na umri mkubwa. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini mimi nilirudi kutoka mazikoni na swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu ambaye kichwa chake kinajaa damu anasemaje nzuri, tena kwa sauti ya mtangazaji wa redio?

Kesho yake nilisimama mlangoni kwa Mzee Mrutu kabla Kadiri haijakohoa. Nikasikiliza salamu, nikasikiliza jibu. Kisha nikaingia nikamwonyesha kijiko. Akahangaika nacho: ki, ki, kitu, kile. Nikamuuliza mwenyewe, "Habari za kuamka, mzee?" Nzuri, safi kabisa, bila kukwaruza.

Nilitaka kujipiga kofi. Jambo hilo anafundishwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa tiba ya usemi. Maneno tunayoyatafuta, kama kijiko na sufuria, yanakaa upande wa ubongo ambao kiharusi kilikuwa kimeuharibu. Maneno ya mazoea hayakai huko. Salamu, sala, kuhesabu, hata matusi, yana makao yake upande wa pili, na upande wa pili wa Mzee Mrutu ulikuwa mzima. Mtu anaweza kukosa neno maji akiwa na kiu na bado akasali Baba Yetu mpaka amina. Kwa hiyo ile nzuri haikuwa taarifa ya kichwa chake. Ilikuwa adabu tu, na mashine ilikuwa inaipima adabu na kuiongezea dawa.

Hapo bado nilikuwa nusu ya njia. Nilikwenda kunywa chai, nikamsalimia mpishi wetu, nikamuuliza habari za nyumbani. Nzuri, akasema, akanimiminia chai, akafuta meza, akaongeza sukari. Kisha akasema: ila mama mkwe amelazwa tangu juzi.

Nikakiweka kikombe mezani. Ni nani kati yetu anayejibu mbaya? Hata msibani, umefiwa, maiti iko ndani, ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza. Habari yenyewe inakuja nyuma ya nzuri, imeshikilia mkia wa ila. Sote tunajua hivyo, na anayeuliza anajua kungoja. Nilirudi mbio nikaiuliza Kadiri inasikiliza kwa muda gani baada ya kujibiwa. Ikanieleza kwa upole kwamba ikishapata jibu hufunga sikio papo hapo, ili isije ikasikiliza faragha za wazee.

Jamani. Ilikuwa inafunga sikio kwa heshima.

Nikavuta kiti karibu na kitanda. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Habari za kuamka?"

"Marahaba. Nzuri."

Nikanyamaza. Wanaonijua watakuambia hiyo kwangu ni kazi ngumu kuliko kubeba maji kutoka mtoni. Ukungu ulipita dirishani, ukaisha, ukaja mwingine. Mzee alinitazama, nadhani alifikiri Mchaga naye amepata kiharusi. Nikaendelea kunyamaza. Midomo yake ikaanza kutafuta kitu, ikakikosa, ikatafuta tena, na jasho likamtoka kama siku ile ya makande.

"Ila," akasema. Na mkono wake mzima ukapanda polepole ukashika kisogo.

*

Skani ilionyesha doa, dogo kama mbegu ya mchicha. Lilikuwa limeanza kuvuja siku chache tu zilizopita.

Profesa Mwaiseje si mtu mbaya, na wala hakutafuta pa kujificha. Nilipomweleza habari ya nzuri na ila alikaa chini, akavua miwani. Kisha akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi, kwamba kuna ila ngapi nyingine zilizofungiwa nje. Siku hiyohiyo Kadiri zote za kituo zikafundishwa kungoja. Tulipita chumba kwa chumba, tukawauliza wazee habari zao, tukakaa kimya. Nilishangaa yaliyokuwa nyuma ya nzuri. Mmoja alikuwa haoni jicho moja. Mwingine alikuwa na kizunguzungu tangu Pasaka. Mwingine baada ya kungojewa sana alisema ila uji wenu una chumvi, naye tulimpa haki yake.

Ila ya Mzee Mrutu ndiyo iliyokuwa nzito. Chipuzi ilibidi ikatwe. Dawa ya kuzuia damu isigande haikukatika, kwa sababu moyo wake ulikuwa unapiga ovyo na bila dawa hiyo ungemletea kiharusi kingine. Vijishipa vingebaki dhaifu kwa miezi. Na maneno, makande na maji na sufuria na jina la binti yake, yangenyauka yote.

Tulikaa ofisini kwa Profesa, yeye, mimi na Nakiete. Chipuzi haikatwi ghafla, inashushwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Nikawaambia kwamba katika siku hizo tungeweza kuokoa neno moja. Neno likirudiwa na kurudiwa mpaka lizoeleke kama salamu, linahamia upande wa pili, kule inakokaa nzuri, na huko halinyauki. Nakiete akauliza kwa nini lisiwe mawili. Nikamwambia tulishajaribu kwa wengine. Yakiwa mawili, yanagombea mlango, na yote hubaki nje.

Kisha nikasema neno lenyewe ni ila. Nililisema kwa haraka, kama jambo lisilo na mjadala. Mzee atabaki na kichwa dhaifu na damu nyepesi. Kisogo kikiuma tena lazima awe na namna ya kusema. Mkono peke yake hautoshi, Kadiri haina macho, na usiku wauguzi hawamtazami kila dakika. Bila ila, atakufa kama Bibi Naelijwa, akijibu nzuri.

Nakiete alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa. Alipoanza kusema alisema polepole, kwa ile sauti ya mwalimu anayelazimisha darasa litulie.

"Daktari, hilo ila ni neno la mashine yenu. Mimi mama yangu amekufa, kaka zangu wamekufa. Aliyenipa hili jina ni baba, na hakuna mwingine duniani anayeniita kama alivyokusudia. Nimeitwa wiki tatu tu baada ya kimya cha miaka miwili. Mnaniambia nirudi kwenye kimya kile?"

Nilijua niko sahihi na nilijiona katili.

Profesa alisema taratibu kwamba mgonjwa haulizwi uji, unampa tu, na sisi tuliosoma ndio tuamue. Nikamwambia uji sawa, lakini hapa tunazungumzia neno la mwisho la mtu. Basi, akasema, mkamuulize mwenyewe. Tukaenda. Nikamweleza Mzee Mrutu kila kitu, kwa picha na kwa vidole, na alifuatilia, maana kuelewa alielewa. Nikamuuliza kama tushike ila. Sawa, akasema. Nakiete akamuuliza kama tushike jina lake. Sawa. Profesa, ambaye ni mtu makini, akamuuliza kama tuendelee tu na dawa bila kuipunguza na liwalo na liwe.

"Sawa," akasema Mzee Mrutu, kwa sauti ileile.

Tulitazamana. Sawa nayo ilikuwa imekaa upande wa pili, nyumba moja na nzuri.

*

Siku nzima nilizunguka na jambo hilo. Ile sawa yake haikuwa na maana kwa sababu ilikuwa bure, ilitoka hata bila yeye. Nilitaka kusikia akikataa. Mtu akiweza kukataa, hapo ndipo kukubali kwake kunakuwa na uzito. Lakini mzee mstaarabu hamkatalii daktari usoni, hata akiwa na maneno yake yote. Anamkatalia nani basi? Anamkatalia mtani.

Kanuni za kituo zinakataza kabisa kumkejeli mgonjwa. Nililivua koti jeupe nikalitundika mlangoni, ili kanuni ibaki nalo. Profesa alisimama koridoni akawa anachunguza dari.

Niliingia bila salamu. Nikasema nimesikia Wapare wako mahakamani tena, na kwa kuwa najua Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, nimekuja kuuliza kuku ni wa nani. Mzee Mrutu alifumbua macho. Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nikamwambia leo kesi iko mbele yake, mdai wa kwanza ni mimi, nadai ila, na wa pili ni huyu binti, anadai jina lake. Nakiete alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini macho ya mzee yalikuwa yamewaka, nikaendelea.

Nilizungumza upuuzi kwa makusudi. Nilisema jina la binti halina faida yoyote. Nilisema sisi Wachaga tumelipima, halifai kuuzwa wala kukodishwa, na kwa hiyo mahakama ilitupe nje tuende zetu tukale, ingawa najua chakula chenyewe kitakuwa makande.

"Hapana," akasema Mzee Mrutu.

Ilitoka na pumzi yake, nzito, imekwaruza koo. Tangu aletwe kituoni hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Koridoni Profesa aliacha kutazama dari.

Mzee akainua mkono wake mzima, kiganja wazi, namna alivyokuwa akituliza baraza. Nikafunga mdomo. Akamtazama Nakiete, akanitazama mimi. Alikuwa ametusikiliza sote mpaka mwisho na sasa anatoa maoni yake. Akamwelekezea kidole binti yake.

"Nakiete," akasema.

Binti akafunika uso kwa kitambaa. Hukumu ilikuwa imetoka na ilikuwa kinyume changu, na nilijua itamuua. Lakini mkono haukushuka. Mzee akaupeleka kisogoni, akakishika, akakunja uso kama mwenye maumivu, na akasema tena, "Nakiete." Kisha akanyoosha kidole kwenye spika ya Kadiri, akaigonga kwa kucha, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliye mgumu wa kuelewa.

Nilikuwa mgumu kweli. Aliyeelewa ni binti yake.

"Anasema akiumwa ataniita mimi," alisema.

Ilikuwa hivyo tu. Nyumbani kwa watu wote duniani, mtu akizidiwa huita wa kwake. Mzee wa baraza alikuwa ameunganisha kesi mbili kuwa moja. Neno ni moja, jina la binti, na Kadiri isimfungie sikio saa yoyote, ifundishwe kwamba katika kinywa chake jina hilo ndilo ila. Nzuri peke yake, basi amelala vema. Nzuri na Nakiete, kuna hatari, dawa ya kuzuia damu isigande ifungwe, watu wakimbie.

Nilimgeukia Nakiete nikamwambia ukweli wote, sikuupamba. Nikamwambia atakuwa ameshinda jina lake na atakuwa amelipoteza, maana kuanzia hapo kila baba yake atakapoliita itakuwa kengele. Akaniambia ameelewa. Nilimuuliza mara ya pili, na akaniambia, bila hasira, kwamba yeye si mgonjwa wangu, aliposema ameelewa alimaanisha ameelewa.

*

Tukalifunga jina nyuma ya salamu. Asubuhi, mchana, jioni: habari, nzuri, kimya, gusa kisogo, Nakiete. Tulilirudia mpaka wauguzi wakawa wanaliimba wakipiga deki. Na Chipuzi ikishuka siku kwa siku, mengine yakaanza kuondoka. Kijiko kilitangulia, hakikuwahi kushika vizuri. Sufuria ikafuata, kisha maji. Makande yaling'ang'ania, yakaondoka ya mwisho. Nilimwonyesha picha ile ile, akaitazama kwa upole, akasema sawa. Nilikwenda kujifungia stoo ya shuka nikalia, kwa sababu neno lile nilikuwa nalo tangu siku lilipozaliwa.

Jina likabaki. Tulipolijaribu Chipuzi ikiwa imekwisha kabisa, lilitoka safi, bila jasho.

Sasa Kadiri ilikuwa inangoja. Shikamoo, mzee, habari za kuamka. Marahaba, nzuri. Kisha kimya kirefu, chumba kizima kinasikiliza, na Nakiete kwenye kiti chake amekaza mikono magotini. Hakuna kitu. Asante, mzee, Kadiri inasema, na pampu inaendelea na kazi. Nakiete aliniambia kwamba zamani kila asubuhi alimwomba Mungu baba amwite, na siku hizi anaomba asimwite, na akimaliza kuomba anabaki anasikiliza kwa hamu kuliko zamani. Doa kichwani likakauka. Skani ya mwezi huo ilikuwa safi, tukaanza kuzungumza habari za kumruhusu arudi nyumbani.

Ndipo asubuhi moja kengele ikalia ofisini kwangu.

Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki koridoni. Kadiri ilikuwa imekwisha kuifunga dawa. Nakiete alikuwa amesimama, akaniambia baba alisema nzuri, akangoja, akamwita yeye kwa jina. Hatukuuliza zaidi. Tulimsukuma na kitanda chake mpaka kwenye skani, mimi nikiwa na kiatu kimoja, Profesa akishika chupa ya maji ambayo hakuna aliyeihitaji. Tukangoja picha.

Safi. Hakuna doa, hakuna mvujo, hata kivuli. Profesa aliitazama mara mbili, akanitazama, akasema labda neno limeanza kupotea njia na linatoka lenyewe kama sawa. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Neno likitoka lenyewe, si kengele tena, na wala si jina.

Tukamrudisha chumbani. Nikakaa kitandani kwake, hasira na woga vimenichanganyika, na hasira ndiyo iliyopata mdomo kwanza. Nikamwambia Mpare, umetukimbiza bure, umeidanganya mahakama, na wewe ni mzee wa baraza. Nikamwambia kwetu Machame mtu wa namna hiyo ananyimwa pombe ya mbege.

Mzee Mrutu alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake mzima haukuwa kisogoni. Ulikuwa umelala juu ya shuka, umetulia. Kisha akaninyanyulia kiganja, ninyamaze, na akageuza kichwa polepole kumtafuta binti yake, ambaye alikuwa dirishani ametupa mgongo anasuuza kikombe.

"Nakiete," akasema.

"Abee, baba."

Lilimtoka kabla hajageuka, kama linavyotutoka sote tukiitwa na waliotuzaa. Kengele ikaanza kulia upya juu ya kitanda. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuizima, nami najua kanuni inavyosema, maana niliiandika mwenyewe: kila akiita, skani. Nilisimama pale, mguu mmoja bila kiatu, nikiwatazama wanavyotazamana, na nikaiacha ilie kidogo.